Koili mbili za bomba moja: tathmini ya karakana inayochoma stenlesi tanurini

Kwa miaka kumi na mmoja nimesimamia mitambo ya maji ya moto katika hoteli iliyo ufukweni, mashariki mwa kisiwa cha Unguja, na katika muda huo hakuna kifaa kilichonisumbua kuliko koili ya kupashia maji. Koili ni bomba lililokunjwa mara nyingi na kuzamishwa ndani ya tangi: ndani yake hupita maji ya boila yenye joto la nyuzi 85 hadi 90 za Selsiasi, na nje yake hukaa maji ambayo wageni wanaogea. Maji yetu yanatoka kisimani. Yana ile ladha ya chumvi ambayo kila aliyekulia pwani anaijua, na kila tulipoyapima hatukukuta kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoshambulia chuma, ikiwa chini ya miligramu 400 kwa lita.

Tathmini hii inahusu huduma ya karakana moja ya Dar es Salaam inayokunja mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, na kisha kuyachoma tanurini ili kuondoa madhara ya kukunjwa. Sitaitaja kwa jina kwa sababu nitaeleza pia mapungufu yake, wala sitaitaja karakana niliyoitumia kabla yake. Mwenye tangi, boila, jiko la hoteli au kiwanda kidogo cha maziwa anaweza kutumia maelezo haya popote anapopeleka kazi yake.

Koili ya kwanza ilitengenezwa na karakana iliyo karibu nasi na yenye bei nafuu. Bomba lilikuwa la daraja la 304, aina ya stenlesi inayotumika sana, kipenyo cha nje milimita 26.7, unene wa ukuta milimita 2.11. Mafundi walilikunja likiwa baridi kwa mashine ya haidroli, mikunjo kumi na miwili ya umbo la U, kila mmoja ukiwa na nusu kipenyo cha milimita 70. Kwa macho kazi ilikuwa safi: mikunjo haikubonyea, maungio yalichomelewa kwa gesi ya agoni, na koili nzima iling'aa kiasi kwamba mtu angeweza kujitazama. Niliipokea, nikaisifu, tukaifunga. Miezi saba baadaye geji ya presha ya mzunguko wa boila ikaanza kushuka kila usiku, na kila asubuhi tukawa tunaongeza maji ambayo hatukujua yalikokwenda.

Tuliitoa koili, tukakwangua gamba la chokaa, tukaifuta kwa spiriti na kuipulizia ule wino mwekundu unaopenya kwenye nyufa. Baada ya robo saa tuliufuta wino wote mpaka kitambaa kikatoka cheupe, tukapuliza poda nyeupe, tukasubiri. Kwenye sehemu zilizonyooka poda ilibaki nyeupe. Kwenye mikunjo ilianza kujitokeza mistari myekundu, kwanza myembamba kama unywele, halafu ikatawanyika matawi kwa matawi mfano wa mizizi ya mkoko kwenye matope. Bomba lenyewe halikuwa limekonda hata kidogo. Ukiligonga lililia kama jipya, na ukilitazama bila wino usingeona cha kulalamikia. Huo ndio ubaya wa kupasuka kwa aina hii: chuma hakiliki taratibu kwa kutu ya rangi ya kahawia inayokuonya mapema, ila hupasuka kwa ndani huku uso wake ukiendelea kung'aa.

Jambo lililowashangaza vijana wangu ni mahali nyufa zilipokaa. Walitarajia zianze kwenye mgongo wa mkunjo, upande wa nje, ambao ndio ulionyooshwa zaidi. Zilikuwa ubavuni na upande wa ndani wa kona, ule uliobanwa. Sababu yake inaeleweka ukimtazama fundi akiiachia mashine. Bomba halibaki pale pale lilipokunjwa. Hurudi nyuma kidogo, na kule kurudi kunageuza mambo. Uso uliokuwa umevutwa unaishia kubanwa, na uso uliokuwa umebanwa unaishia kuvutwa. Mvutano huo haupungui kwa kukaa stoo wala kwa kuoshwa. Umefungiwa ndani ya ukuta wa bomba kabla hata tone la maji halijapita, na mvutano ndio unaoufungua ufa.

Ili stenlesi ya aina hii ipasuke namna hiyo, vitu vitatu hukutana: chuma chenye udhaifu huo, mvutano, na kloridi ikisaidiwa na joto. Kwa 304 iliyozama majini, mafundi wengi huanza kuwa na wasiwasi joto likipita nyuzi 60 hivi, na sisi tulikuwa juu ya hapo mchana na usiku. Gamba la chokaa linaongeza shari, kwa kuwa chini yake maji hukwama na chumvi hujilimbikiza kidogo kidogo, hata inaweza kuwa kali mara nyingi kuliko ile iliyopimwa kisimani. Kwa hiyo kipimo cha miligramu 400 kinaeleza maji ya kisima, hakielezi kile kinachogusa chuma.

Kukunja chuma kikiwa baridi kunachangia kwa njia zaidi ya moja. Kwanza kuna huo mvutano uliofungiwa. Pili, chuma kinakuwa kigumu. Stenlesi ya 304 iliyotoka kiwandani ikiwa imetulizwa, yaani imechomwa tanurini na kupozwa ili iwe laini na isiwe na mvutano, huanza kujikunja bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 205 au zaidi kidogo. Ikishakunjwa kama ilivyokunjwa yetu, ambako kwa hesabu ya nusu kipenyo cha bomba kugawanywa kwa nusu kipenyo cha mkunjo uso wa nje ulinyooshwa kwa takriban asilimia 19, kiwango hicho hupanda sana, na chuma kigumu kinaweza kubeba ndani yake mvutano mkubwa kuliko chuma laini. Tatu, sehemu ya chuma hubadili mpangilio wake wa ndani na kuwa martensaiti, umbile gumu linalovutwa na sumaku. Hili la sumaku nitalirudia, maana ndilo kipimo rahisi kuliko vyote.

Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Chuma hiki kinakubali kukunjwa kibichi bila kulalamika, na pengine ndiyo maana mafundi wengi wanaamini kwamba kisipopasuka mashineni basi kimesalimika.

Tatizo lenyewe si geni. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya shaba njano yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, na chanzo kikaja kufahamika kuwa ni amonia iliyotoka kwenye mazizi ya farasi, ikikutana na mvutano uliobaki ndani ya maganda tangu yalipofinyangwa kiwandani. Dawa yake ilikuwa kuyapasha moto kwa kiasi ili kuutoa mvutano huo. Metali ni tofauti, kemikali ni tofauti, lakini mwenye kuelewa kisa kile ameshaelewa nusu ya kisa changu. Kisa cha pili kinanigusa zaidi kwa sababu hoteli yetu ina bwawa la kuogelea. Mwaka 1985, katika mji wa Uster nchini Uswisi, dari ya zege juu ya bwawa la ndani iliporomoka na kuua watu 12. Dari hiyo ilikuwa imening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi vilivyopasuka polepole kwa mvuke wenye klorini, katika jengo la miaka 13 tu, na wala hapakuwa na joto la boila. Tangu niliposoma habari hiyo sikubali chuma cha 304 kibebe kitu chochote kizito juu ya bwawa la ndani, kiwe kimetulizwa au hakijatulizwa.

Nilipoirudisha koili kwa waliotutengenezea walikiri kwamba hawakuichoma, wakajitolea kuitengeneza upya na kuipasha mikunjo kwa mtungi wa gesi mpaka iwe nyekundu. Nilikataa, na ningependa kila msomaji akatae pia, kwa sababu moto wa nusunusu ni mbaya kuliko kutotia moto kabisa. Kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni iliyomo ndani ya chuma huikamata kromiamu na kujikusanya nayo kwenye mipaka ya punje za chuma. Kromiamu ndiyo inayojenga ule utando mwembamba unaoipa stenlesi sifa yake. Ikinyang'anywa pale mipakani, punje zinabaki zimezungukwa na ukanda wenye ulinzi hafifu, na ufa ukipata njia hiyo unapita kama maji mferejini. Moto wa mkono hauna kipimo: katikati ya kona inaweza kufika nyuzi 900, lakini lazima pembeni pawe na sehemu iliyokaa kwenye 600 au 700 kwa dakika kadhaa na kupoa polepole hewani. Huko ndiko ugonjwa mpya ungeanzia. Daraja lenye herufi L, ambalo kaboni yake haizidi asilimia 0.03, huvumilia kosa hilo zaidi, lakini bomba letu lilikuwa 304 ya kawaida yenye asilimia 0.05 kwa mujibu wa cheti chake.

Hapo ndipo nilipoipata karakana ninayoitathmini. Tulikuwa tumebakiwa na mabomba ya shehena ile ile, yenye cheti kile kile, nikawapelekea ili watengeneze koili ya pili kwa vipimo vile vile. Tofauti pekee iwe tanuri.

Mapokezi yao yalinipendeza kwa sababu waliuliza maswali kabla ya kutaja bei. Walitaka cheti cha bomba. Waliuliza maji ni ya aina gani, joto ni kiasi gani, na maungio yatachomelewa kabla au baada ya kuchoma koili. Mzee anayesimamia tanuri alinieleza kwamba maungio ni lazima yachomelewe kwanza, kwa kuwa ukituliza chuma halafu ukachomelea, umerudisha pembeni mwa ungio mvutano mpya na ule ukanda uliopoteza kromiamu. Kisha akawaagiza vijana waioshe koili yote kwa sabuni na kiyeyushi, wafute hata maandishi ya kalamu yaliyoandikwa na kiwanda, kwa sababu mafuta na wino vikiungua juu ya chuma huacha kaboni na uchafu unaoingia usoni. Nimefanya kazi na mafundi wengi, na si wengi wanaojali alama ya kalamu.

Niliomba nihudhurie siku ya kuchoma, wakaniruhusu. Vipima joto viwili vilifungwa kwa waya kwenye bomba lenyewe, kimoja kwenye mkunjo na kingine kwenye ungio nene, badala ya kutegemea kile kilichomo ukutani mwa tanuri. Joto lilipandishwa hadi nyuzi 1,060, na saa ya kuhesabu dakika haikuanza mpaka vipima vyote viwili vikasoma hivyo. Kwenye joto hilo punje zilizoumizwa hujijenga upya, martensaiti hurudi katika umbile lake la awali, kaboni huyeyuka na kutawanyika tena ndani ya chuma, na mvutano hauna mahali pa kushika. Baada ya dakika kumi na tano mlango ulifunguliwa, koili ikatolewa ikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, na ndani ya sekunde chache ikawa imetumbukizwa kwenye tangi la maji. Upesi huo una maana yake: ule ukanda wa hatari wa nyuzi 850 hadi 450 lazima uvukwe haraka, kaboni isipate muda wa kujikusanya tena. Nilipewa karatasi ya grafu ya joto, yenye tarehe na namba ya kazi. Kwangu mimi karatasi hiyo ni sehemu ya bidhaa, na karakana isiyoitoa haijauza kitu ninachoweza kukikagua.

Kisha likatokea kosa. Hawakuwa wameifunga koili kwenye fremu ya kuishikilia, na kwa nyuzi 1,060 chuma hiki ni laini kiasi cha kulemewa na uzito wake mwenyewe. Ilipotoka majini ilikuwa imejikunjua, mikunjo miwili ikiwa imepanuka kwa zaidi ya sentimita tatu, na isingeingia katika mdomo wa tangi letu. Kijana mmoja akaleta jeki ili aivute irudi mahali pake. Nilimshika mkono. Kuivuta kwa jeki ikiwa baridi kungeurejesha mvutano ule ule tuliotoka kulipia uondolewe, na karatasi ya grafu ingebaki kuwa kweli ya jana. Msimamizi alikubaliana nami bila ubishi: waliinyoosha, wakatengeneza fremu ya chuma kinachostahimili joto, wakaichoma mara ya pili kwa gharama yao. Tulipoteza siku tisa katika msimu wa wageni. Walikubali kosa kama watu wazima, lakini wanaotangaza huduma hii walipaswa kuwa na fremu tangu mwanzo.

Baada ya moto koili ilikuwa nyeusi kwa magamba, haitamaniki. Waliiogesha katika asidi ya naitriki iliyochanganywa na ya haidrofloriki, wakaisuuza kwa maji mengi, ikatoka na rangi ya kijivu iliyofifia. Mwenye hoteli alipoiona aliniuliza kama nimeletewa chuma kikuukuu. Nilimweleza kwamba mng'ao wa ile ya kwanza ulitokana kwa sehemu na grainda na msasa, na kwamba kusaga uso kwa nguvu nako ni kukifanyia chuma kazi kikiwa baridi: huacha tabaka jembamba gumu lenye mvutano, mahali ambapo ufa hupenda kuanzia. Mitambo ya nyuklia ya Japani ilipata nyufa katika vipande vikubwa vya 316L, chuma chenye kaboni kidogo kilichochaguliwa makusudi ili kisipasuke, na uchunguzi ukaonyesha zilianzia kwenye tabaka la juu lililofanywa gumu na mashine za kuchonga na kusaga. Nisiseme pia kwamba kila kazi ya baridi ni mbaya. Kuupiga uso kwa vipira vidogo vya chuma kwa mpango huuacha ukiwa umebanwa, na uso uliobanwa huzuia ufa. Ila hilo ni jambo la kupimwa, wala halifanani na fundi kupitisha grainda ili kazi ipendeze.

Sasa ile sumaku. Kabla ya kuchomwa, sumaku ndogo ya mlango wa kabati iliponing'inizwa kwa uzi ilisogea na kushikilia kwa unyonge kwenye kila mkunjo, na kwenye sehemu zilizonyooka haikushika kabisa. Baada ya kuchomwa niliipitisha kwenye mikunjo yote kumi na miwili, na haikusogea hata kwenye mmoja. Kipimo hiki hakisemi mvutano ni kiasi gani, na kwa 316L, ambayo haibadiliki kirahisi hivyo, kinaweza kukupotosha. Lakini kwa 304 iliyokunjwa baridi, mkunjo unaovuta sumaku kwa hakika haujatulizwa, na mtu anaweza kuligundua hilo hapo hapo dukani kabla hajatoa pesa.

Niliomba pia wakunje vipande viwili vifupi vya ziada, kimoja kichomwe pamoja na koili na kingine kiachwe. Rafiki anayefundisha chuoni alivichemsha katika maji mazito ya kloridi ya magnesi kwenye nyuzi 155, jaribio kali linalotumika duniani kote kufichua mvutano uliofichika. Kilichoachwa kilikuwa na nyufa zinazoonekana kabla ya siku kuisha. Kilichochomwa kilitoka kizima.

Koili ya pili imetimiza miezi ishirini na sita majini. Mwezi uliopita tuliitoa, tukaipitishia wino ule ule na poda ile ile, na mikunjo yote ilibaki myeupe. Tulichokuta ni vishimo vidogo chini ya gamba la chokaa, karibu na ungio la chini, na vile tanuri haliwezi kuvizuia, kwa sababu kloridi hutoboa utando hata pasipo mvutano. Wala tanuri haliondoi mkazo unaoletwa na presha, na joto na baridi kupishana, au bomba kufungwa kwa nguvu lisipoenea mahali pake. 304 iliyotulizwa bado ni 304. Nikeli yake ya asilimia 8 hadi 10 iko karibu kabisa na kiwango ambacho kwa majaribio hupasuka upesi kuliko vyote, na 316L inaongeza nafuu kidogo kuliko wauzaji wanavyosema. Kwa maji kama yetu, matangi mapya yanastahili daraja la 444, lisilo na nikeli ya maana, au 2205 lenye kromiamu ya asilimia 22. Nilipowauliza kuhusu 2205 walijibu kwa uwazi kwamba hawajaichoma bado, na kwamba chuma hicho kikikawia kupoa hujenga umbile linalokifanya kivunjike kama kigae. Jibu hilo liliniongezea imani nao.

Bei yao ilizidi ya karakana ya kwanza kwa karibu theluthi moja, ambayo ni ndogo kuliko tulichotumia kwa dizeli, mafundi na vyumba vilivyokosa maji ya moto katika wiki ya kwanza baada ya kuitoa koili iliyopasuka. Mdomo wa tanuri lao una upana wa mita moja na ushee, kwa hiyo kitu kikubwa zaidi hakiingii, na foleni ilikuwa ya wiki tatu. Kwa koili na mabomba ya 304 au 316L yanayoingia katika tanuri hilo nitawarudia, nikiandika katika oda mambo manne: maungio yachomelewe kabla ya moto, fremu iwepo, grafu ya joto ikabidhiwe, na mtu yeyote asiiguse koili kwa jeki wala grainda baada ya kutoka majini.